Ukuta wangu, choo cha jirani

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, nimeoga, nimekula, sasa nimekaa niandike. Safari hii sio presha wala chanjo. Naandika habari za mto. Sio Rufiji wala Ruvu. Naongelea kale kamto ka mtaani kwako, kale ambako kiangazi mtoto anakaruka kwa hatua moja, halafu masika kanabeba godoro, banda la kuku, na wakati mwingine mtu.

Naishi Dar es Salaam, pembeni ya kijito kimojawapo kinachomwaga maji yake Mto Msimbazi. Mtaa sitautaja, mnaonijua mnaujua. Tangu nimehamia hapa kila masika naona ukingo unamegeka, mwaka huu kipande, mwaka ujao kipande. Na kazini napokea watu ambao ugonjwa wao ukiufuatilia vizuri unaishia pale pale ukingoni. Kwa hiyo usiniambie mto ni kazi ya mainjinia, nesi unatafuta nini. Wanaumwa watu wangu.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka mnichoke: ukingo wa mto hauokolewi na mtu mmoja. Ukijenga ukuta upande wako peke yako, mara nyingi hujazuia maafa, umeyahamishia kwa jirani. Nalijua hili kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nitawasimulia Sehemu ya 3, bila kujipamba. Kwanza tuelewane mto unakulaje ardhi.

SEHEMU YA 2

Wengi tunadhani maji yanapanda juu ndipo yanakata ukingo. Hapana. Mto unaanzia chini, mguuni. Maji ya kasi yanachimba udongo wa chini, juu panabaki pamening'inia kama kibaraza kisicho na nguzo. Hapo unaweza kusimama juu, ukaona majani yako mazuri, ukasema "kwangu bado pazima". Kumbe chini hakuna kitu.

Angalia pia kona. Mto ukipinda, upande wa nje wa kona ndio unaopigwa, upande wa ndani unaletewa mchanga. Kwa hiyo wa nje analia kiwanja kinaisha, wa ndani anafurahi kiwanja kinaongezeka. Wote wawili wamejenga kwenye kitu ambacho hakijatulia.

Na hili nataka ulishike, maana limeumiza watu: ukingo mara nyingi hauanguki wakati wa mvua. Unaanguka mvua ikishakatika. Mto ukijaa, yale maji yenyewe yanausukuma ukingo na kuushikilia. Yakishuka haraka, udongo unabaki umelowa, mzito, hauna wa kuuegemea. Ndipo unadondoka wote kwa pamoja, jua linawaka, watoto wameshatoka kucheza na mama ameshaanika nguo. Ukiona ufa mrefu ardhini unaokwenda sambamba na mto, hata kama ni mwembamba kama uzi, usisimame hapo na usimwache mtoto hapo. Ardhi inakuaga.

Sasa, nani anausaidia mto kula? Sisi. Nahesabu:

Mchanga. Kijana anachimba kwenye mkondo, anajaza gari, tajiri anajengea ghorofa huko Mbezi. Shimo linabaki, maji yanaongeza kasi, mguu wa ukingo unabaki wazi. Kuondoa mchanga uliojaa chini ya daraja ili maji yapite ni jambo moja. Kuchimba mguu wa ukingo ni jambo lingine kabisa.

Majani. Tunafyeka matete na mabingobingo "panapendeza", au tunalima mchicha na migomba mpaka kwenye ncha. Mgomba mizizi yake haiendi mbali. Ukilowa unalala, na ukilala unaondoka na kipande cha ukingo.

Mabati yetu. Hii watu hawaifikirii. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 tu, linamwaga lita 1,000. Simtanki nzima! Sasa mtaa wenye nyumba 200, kila mmoja kasakafia uwanja wake kwa zege, maji yote yanakimbilia kijito kile kile ndani ya nusu saa. Zamani yalikuwa yanazama ardhini. Halafu wengine tumeelekeza bomba la uani limwage juu ya ukingo wetu wenyewe. Tunauchonga kwa mikono yetu, halafu tunasema mto una laana.

Taka. Zikiziba mkondo, maji hayasimami yakasubiri. Yanatafuta njia pembeni, na pembeni ni kwako.

SEHEMU YA 3

Haya, niliahidi.

Ukingo wangu ulipobaki hatua chache kutoka ukuta wa jikoni, nilichukua mkopo kazini. Fundi akanishauri: matairi ya magari, yapangwe kama ngazi, yajazwe mawe na udongo, juu tupige zege. Kazi ikafanyika kwa wiki mbili. Nilipiga picha nikazituma mpaka kwa ndugu kijijini. Nilijiona mwanamke niliyejikomboa. Hakuna aliyeniuliza maji yatakwenda wapi, na mimi sikujiuliza.

Masika yaliyofuata ukuta wangu ulisimama imara. Maji yalikuja, yakagonga, yakageuka. Upande wa pili, karibu mkabala na kwangu, anakaa mama mmoja mtu mzima na wajukuu zake. Maji yalikwenda kuchimba kwake. Choo chake kiliondoka, shimo na vyote vilivyokuwemo. Mto ulikipeleka chini, kwa watu wengine.

Siku chache baadaye niko zamu. Anaingia yule mama, kashika mjukuu mkono, mwingine kambeba mgongoni. Wote wanaharisha. Yule wa mgongoni macho yameingia ndani. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikaandika majina kwenye daftari, nikachanganya ORS, nikamwonyesha namna ya kumpa kidogo kidogo kwa kijiko. Muda wote huo hakusema kitu. Walipopata nafuu wanaondoka, akanigeukia:

"Sista, ukuta wako mzuri. Ila maji yakifika kwako yanakatazwa, yanakuja kwangu."

Hakupaza sauti. Ni bora angenitukana.

Sitasema kwamba ukuta wangu ndio uliowaharisha wale watoto. Sikupima maji, na kuhara kuna sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba familia ile ilikuwa na choo, na baada ya ukuta wangu haikuwa nacho. Hilo halihitaji maabara.

Na kingine, nikiwa nesi nilipaswa kukijua: matairi yale ambayo hayakujaa vizuri yalishika maji. Maji yaliyotuama ndani ya tairi ni nyumba anayoipenda mbu wa dengue. Dar tumeuguzwa na dengue mwaka 2014, na tena 2019. Mimi nilimjengea mbu ghorofa.

SEHEMU YA 4

Kuna mtu ataniuliza, "Nesi, udongo kumegeka na hospitali vinahusiana wapi?" Nikupitishe haraka haraka.

Choo. Vyoo vingi vya mabondeni ni vya shimo. Ukingo ukifika kwenye shimo, kinyesi cha miaka kinaingia mtoni kwa siku moja. Ongeza na wale wanaosubiri mvua kubwa usiku wafungue tundu watapishe choo. Mnajijua, na majirani wanawajua pia. Kipindupindu kinataka hicho tu. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoani na kuugua zaidi ya watu 20,000 nchi nzima. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache tu. Mtu mzima mwenye nguvu zake, asubuhi anatembea, jioni tunatafuta mshipa hatuuoni.

Bomba. Mipira ya maji ya kuunganisha nyumba kwa nyumba inapita ukingoni na mitaroni. Ukingo ukidondoka, mpira unakatika au unapasuka. Maji yakikatika kisha yakarudi, uchafu wa nje unakuwa umeshaingia ndani. Wewe unakinga ndoo ukidhani ni maji safi.

Homa ya mgunda. Wengi mliisikia Julai 2022 ilipotokea Lindi. Vijidudu vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vinakaa kwenye maji na matope, vinaingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Sasa fikiria ukingo uliojazwa taka ili "uongezeke". Panya wamejaa, chupa zimevunjika humo humo, na mtoto yuko pekupeku.

Majeraha. Vijana wanaokuja na kidonda cha bati au kioo alichokanyaga mtoni. Mwambie lini alichoma sindano ya pepopunda, hakumbuki.

Hofu nayo ni ugonjwa. Nina wateja wa presha wanaokaa bondeni ambao kipindi cha masika hawalali. Kila wakisikia ngurumo wanakaa kitandani na mfuko wa vyeti mkononi. Dawa nawapa. Usingizi nitawapa wapi?

SEHEMU YA 5

Sasa tufike pale ambapo kila mtu anapenda kufika: serikali.

Na mimi nasema serikali ina deni. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini hapa. Waathirika wakapelekwa Mabwepande kupewa viwanja, na bado mabondeni pamejaa mpaka leo, maana kazi na riziki viko huku mjini. Mto Ng'ombe, kule Kinondoni, umejengewa kingo za zege kupitia mradi wa DMDP. Kwa bonde la Msimbazi lenyewe, Benki ya Dunia ilipitisha mwaka 2022 fedha za mkopo, Dola milioni 200. Ni hatua kubwa na naiunga mkono.

Lakini msikilize nesi. Udongo unaojaza Jangwani hauzaliwi Jangwani. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita, unapokea vijito vya mitaa yetu, unashuka mpaka baharini pale Selander. Kila ukingo unaodondoka huku juu ni mchanga unaokwenda kujaza kule chini, na mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji, unayatapika barabarani. Ndiyo maana wanachimbua mchanga Jangwani, masika yakipita umejaa tena. Huwezi kudeki sebule wakati bomba la jikoni linavuja. Mradi mkubwa utahangaika na bonde, lakini kijito cha nyuma ya nyumba yako hakina mkandarasi. Kina wewe na jirani yako.

Na kuhusu sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita sitini! Mimi mwenyewe nimo ndani ya hizo, na pengine wewe unayesoma. Wengi tulinunua viwanja tukaandikishana mbele ya mashahidi, hakuna aliyetuambia. Kwa hiyo tunapoongea habari ya mto hatuongei kama watu wenye haki tupu. Tuongee kwa adabu. Tumekaa kwenye kitanda cha mgonjwa, angalau tusimbane pumzi.

SEHEMU YA 6

Baada ya maneno ya yule mama sikulala vizuri kwa muda. Nikaenda kwake na kilo mbili za sukari, nikamwomba radhi. Halafu nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akatupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kikao cha kwanza tulikuja watu saba. Cha pili watu thelathini, wa pande ZOTE MBILI za mto. Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na bila hapo ungekuwa mchezo wa kurushiana maji.

Tulichofanya, na ambacho unaweza kukianza mtaani kwako:

1. Tulitembea mto mzima wa mtaa wetu kiangazi, wote pamoja, tukaandika: wapi pana ufa, wapi pamechimbwa chini, choo cha nani kiko karibu, bomba la nani linamwaga juu ya ukingo. Hakuna kumzomea mtu, ni kuandika tu.

2. Vyoo kwanza. Vilivyo karibu sana na ncha vilinyonywa na gari la maji taka, vikafukiwa, vikahamishwa. Yule mama tulimchangia. Mimi nilitoa zaidi, na ilikuwa haki nitoe zaidi.

3. Ukingo uliosimama wima kama ukuta tuliulaza, ukawa mteremko. Udongo uliolala haudondoki kirahisi kama uliosimama. Hii inauma, maana unapoteza ardhi. Mimi nilirudisha uzio wangu nyuma hatua tano na sehemu ya ukuta wangu wa matairi ilivunjwa. Ndiyo, ule wa mkopo. Mkopo niliendelea kuulipa.

4. Tulipanda majani ya vetiva kwa mistari inayokata mteremko, mche na mche umepishana upana wa kiganja, na mabingobingo karibu na maji. Mizizi ya vetiva inashuka chini wima, inaweza kufika mita mbili tatu, inashona udongo kama uzi wa kushonea kidonda. Tulipanda mwanzo wa vuli, mizizi ishike kabla ya masika. Ukipanda Aprili, mto unaondoka na miche yako.

5. Mabomba ya mvua yalielekezwa kwenye ndoo, mapipa na simtanki, na yanayozidi yanashuka kwa mtaro wa mawe mpaka chini kabisa, sio kudondokea katikati ya ukingo.

6. Jumamosi moja kila mwezi tunatoa taka mkondoni, na kabla ya vuli na masika tunafanya mara mbili. Glovu na viatu vya kufunika ni lazima, mwenye kidonda haingii majini. Hili ni agizo la nesi.

7. Kona iliyoharibika sana hatukuigusa wenyewe. Pale panahitaji mawe ya kufungwa kwenye wavu wa chuma na mtu wa kupima. Tuliandika barua kupitia mtaa na kata. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayosimamia mito yetu, usibadili njia ya mto bila kuuliza. Ukuta wa zege juu ya mguu unaochimbwa ni kama kufunga bandeji safi juu ya kidonda chenye usaha. Nje panapendeza, ndani panaoza.

Matokeo? Sitawauzia ndoto. Mwaka wa kwanza kipande kimoja kiliondoka na miche yote, tukapanda upya. Ile kona bado inakula, barua bado tunaifuatilia. Lakini sehemu iliyolazwa na kupandwa imepita masika mawili ipo. Na yule mama ana choo.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Najua mtakayoniambia, nimeshayasikia yote.

"Sisi maskini, hela ya kupanda majani tutoe wapi?" Mche wa vetiva unagawanywa, shina moja linatoa mengi. Anza na kichaka kimoja. Hela kubwa ni ile utakayotumia choo kikiondoka.

"Vijana wa mchanga watakula nini?" Hili sina jibu jepesi. Wale ni watoto wetu, mmoja wao nilimpiga sindano utotoni. Kuwaletea mgambo na virungu kumefanyika mara nyingi, wanarudi usiku. Kwetu tulikubaliana nao wachimbe pale mchanga unapojaa chini ya kivuko tu, kwa kibali, na kwenye miguu ya kingo wasiguse. Wengine wanatii, wengine hawatii. Lakini mnunuzi naye aulizwe. Ukipandisha nyumba, muulize mwenye gari mchanga umetoka wapi. Kijana hachimbi kisichonunuliwa.

"Mimi nimepanga tu, mto sio wangu." Kuhara hakuulizi hati ya nyumba.

"Mimi nakaa mbali na mto." Bati lako linamwaga wapi? Taka za yule wa mkokoteni unayempa buku asubuhi anazipeleka wapi? Ulishawahi kumfuata?

Na kwako wewe mwenye uwezo, unayepanga kujenga ukuta mzuri kiangazi hiki: sikukatazi kulinda watoto wako. Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamlipa fundi, vuka kivuko. Nenda upande wa pili, bisha hodi, salimia, kaa kwenye kigoda utakachopewa, uangalie nyumba yako kutokea kule. Muulize mwenyeji: maji yakigonga kwangu, yatakwenda wapi? Mimi sikuvuka. Ilibidi aje yeye, na mjukuu mgongoni.

Kesho naingia zamu ya usiku, kwa hiyo maswali nitajibu keshokutwa. Niandikie hapo chini: mtaani kwako kamto kanaitwaje, na upande wa pili anakaa nani? Kama jina la mto unalijua na la jirani hulijui, basi kazi yako ya kwanza umeshaipata.

Usiku mwema. Na kama leo mvua ilikatika, watoto wasicheze ukingoni.